Mwalimu Aliyeanzia Ukurasa wa Mwisho

Mniache niseme mimi, maana ukuta wa chumba cha Lul na ukuta wa cherehani yangu ni ukuta mmoja, na hao wanaosimulia habari zake huko sokoni hata mlango wake hawaujui. Mmoja kaniambia juzi eti Lul alisomea India. India! Lul Guleid hakuwahi kuvuka hata daraja la Tana mpaka alipofika miaka thelathini na tisa, na siku hiyo alikuwa akipeleka mbuzi wa harusi, akarudi kabla ya magharibi.

Mimi ni mtu wa Lamu. Niliolewa Garissa na dereva wa lori, nikaja na cherehani yangu na ulimi wangu, na vyote viwili vinafanya kazi mpaka leo. Hapa wananiita Mama Sabrin. Kisomali nakisikia chote, ila nikikisema watoto wanacheka, kwa hiyo yale waliyosemezana wenyewe kwa wenyewe nawapa kwa Kiswahili changu. Msije mkaniambia Lul hakusema hivyo. Nilikuwepo.

Basi. Mwaka wa ukame ule mkubwa, mwaka wa tisini na mbili, Lul alifiwa na mumewe, Muse, na hazikupita siku nyingi mgongo ukamwangusha. Maji alikuwa anayachota mtoni mwenyewe, mitungi miwili kwa safari, na siku moja akainama kuutua mmoja akashindwa kuinuka. Aliinama hivyo hivyo mwaka mzima. Nayajua haya kwa sababu nguo zake nashona mimi. Mtu aliyepinda, gauni lake lazima ulikate fupi mbele, la sivyo atalikanyaga na kuanguka. Nilikuwa namkatia fupi mbele kwa vidole vinne, simwambii, naye hanambii.

Wakati huo alikuwa anamfulia nguo msichana mmoja wa Kizungu aliyekuja kufundisha kwa kujitolea katika shule moja ya wasichana. Mkataba wa msichana ukaisha, akarudi kwao, akamwachia Lul ndoo, nusu kopo la kahawa na kitabu cha picha. Kahawa Lul hakuitaka. Ndoo ilipasuka mwaka huo huo. Kitabu ndicho kilichotuletea haya yote.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Lul alisoma duksi, akasoma hasa. Kurani anaisoma bila kukwama. Lakini herufi hizi nyingine, hizi za shule na ofisi, kwake zilikuwa sisimizi wametawanyika kwenye karatasi. Kwa hiyo alipokaa na kile kitabu alikifungua kama kitabu kinavyofunguliwa: kwa kulia. Na picha ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa ya mtu amelala chali, mikono mbali na mwili, viganja juu, macho yamefumba. Maiti kabisa.

"Abaayo, dada yangu," aliniambia, "huyu aliyeandika ana dini. Ameanza na mauti."

Akaendelea kufunua. Baada ya yule maiti, watu wakaanza kujigeuza ubavu, kisha kuketi, kisha kupiga magoti, kisha kuinuka kidogo kidogo, mpaka ukurasa wa mwisho, mwisho wake yeye, mtu kasimama wima, viganja kifuani. Kufa, kuinuka, kusimama. Lul akaona ni kitabu kilichopangika kuliko vyote alivyowahi kuviona. Zilikuwepo picha chache za watu waliosimama kwa vichwa, miguu hewani, hizo akazipita. Alisema hizo ni za watu wasiovaa buibui.

Akaanza. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kubandika chai, alitandika mkeka mwingine, si ule wa kusalia, kwa hilo alikuwa mkali, akalala chali akahesabu tasbihi moja nzima. Punje tisini na tisa, pumzi tisini na tisa. Kisha akawafuata wale watu wa kitabuni mmoja baada ya mwingine. Mimi nilimcheka, kwa nini nidanganye? Nilikuwa nagonga ukuta: "Lul! Umeshakufa au bado?" Hajibu. Maiti hajibu.

Mwezi wa nane akaja na gauni lake mkononi, amenuna. "Mama Sabrin, mbele limepanda. Miguu yangu yote inaonekana." Nikalipima gauni, liko vile vile nilivyolikata. Nikampima yeye. Lo! Gauni halikuwa na kosa. Ni Lul aliyekuwa amenyooka. Nilikaa chini nikafumua pindo, kwa vidole vile vile vinne.

Habari zikafika soko la maziwa. Nyinyi wa mbali huenda hamuwajui hawa wanawake. Saa tisa za usiku wako macho, alfajiri wanapokea maziwa ya ngamia na mbuzi kutoka porini, asubuhi wanayauza, na alasiri magari ya pili yanaingia kutoka upande wa Bura, lazima wawe stegi wenyewe kuyapokea. Katikati, baada ya sala ya adhuhuri, wanaume wamelala au wanatafuna miraa kivulini, wao wanawake hawana pa kulala. Mwanamke wa hapa akijinyoosha mchana watu wanamuuliza anaumwa nini, na asipoumwa, basi ni mvivu. Lul alikuwa na chumba chenye mlango unaofungwa. Akaja Eddo Fatumo, shangazi wa soko zima, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Kesho yake wakaja sita. Baada ya mwezi wakawa ishirini na mbili, na mimi wa ishirini na tatu, maana nilichoka kusikiliza kupitia ukutani.

Ualimu wake ulikuwa hivi. Mnaingia, mnavua viatu, mnalala. Anapita katikati yenu na tasbihi. "Umekufa," anasema polepole. "Maiti hapiki. Maiti hana mume, hana mbuzi, hana maziwa. Nani atakuita?" Akimaliza tasbihi anagonga kopo lile la kahawa mara moja, na hapo ndipo mnaanza kufufuka, mguu huu, mguu ule, mpaka mnaishia kwa miguu yenu, mmesimama mlangoni, viatu hivi hapa, magari ya maziwa yale kule. Mwili wa mtu alikuwa haugusi. Ukimwambia unaumia alikujibu, "Mifupa ni yako, iulize." Wengine walikuwa wakilia pale chini, kimya kimya, wajane hasa, naye alijifanya haoni.

Maneno yalisemwa, yakose kusemwa Garissa? Bwana mmoja akaenda kumshtaki kwa maalim wa msikiti kwamba ile ni ibada ya Wahindi. Maalim akatuma mtu aulize mazoezi yanaanza vipi. Lul akajibu yanaanza kwa kukumbuka kifo. Maalim akasema kama kuna wanawake ishirini mji huu wanaokumbuka kifo kila siku, basi yule bwana awaache, yeye hata Ijumaa hakikumbuki.

Aliyetutesa si maalim. Ni Abdinur, shemeji yake Lul, kaka mkubwa wa marehemu Muse, mfanyabiashara wa ng'ombe na sukari. Nyumba ilikuwa ya familia, na kile chumba alikitaka aweke magunia ya sukari. Si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu, na hao wakati mwingine ni wabaya zaidi. Mwaka wa tisini na sita akaja akasimama uani, fimbo mabegani, akasema: "Lul, mimi sikuonei. Maalim ana ijaza. Daktari ana cheti. Hata mchinjaji ana karatasi ya manispaa. Wewe unajiita mwalimu, karatasi yako iko wapi? Lete karatasi, chumba ni chako mpaka ufe. Usipoleta, mwezi ukiisha naingiza sukari."

Lul akalia siku mbili. Si kwa ajili ya chumba kama chumba. Alikuwa na chumba kingine cha kulala. "Wataenda wapi?" akaniuliza. "Fatumo atalala wapi mchana?"

Na hapo, kama ilivyo kawaida ya mambo, msaada ukaja. Shirika moja la kule kambini Dadaab lilikuwa linatafuta walimu wa mazoezi ya kutuliza mwili kwa wanawake waliokimbia vita, na likamleta mtaalamu kutoka Nairobi, mama mwenye nywele fupi na vyeti vyake kwenye mkoba. Akasikia Garissa kuna mwanamke anafundisha yoga. Akasema lazima amwone. Ndiyo siku ya kwanza Lul kulisikia lile neno. Aliniuliza ni la ugonjwa gani.

Mtaalamu akaketi kwenye mkeka vizuri kabisa, akanywa chai ya maziwa vikombe viwili, akauliza, "Nani alikufundisha, mama?"

"Kitabu," akasema Lul, akakileta.

Mtaalamu akakifungua kwa kushoto. Akaangalia. Akamwangalia Lul. Akamwomba amwonyeshe anavyoanza, na Lul akalala chali. Jamani, yule mama alicheka! Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa mlangoni na pini kinywani, nusura nizimeze kwa hasira.

"Mama, umekisoma kinyume! Huu ni mkao wa maiti. Ni wa mwisho."

"Mimi najua iko ya maiti," akasema Lul kwa Kiswahili chake. "Ndiyo maana iko ya kwanza."

"Hapana. Mtu anaanza amesimama, anafanya kazi, halafu anamalizia kwa kulala."

"Sisi nakufa, halafu nafufuka, halafu nasimama mbele ya Mungu. Wewe nasimama, halafu nakufa. Halafu?"

"Halafu unapumzika."

"Basi?"

"Basi."

Lul akamtazama kwa huruma, kama mgeni aliyeambiwa kwamba wenyeji wake hawana jamaa hata mmoja. Lakini yule mama hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya. Alisema wazi: karatasi hawezi kukiandikia kitu kilichopinduliwa. Alhamisi angefundisha yeye mwenyewe darasa la Lul, kwa mpango wake, na Lul akionyesha kwamba ameufuata, atamwandikia cheti hapo hapo.

"Mwambie aende zake!" nilimwambia Lul alipotoka. "Mgongo wako nani aliunyoosha, yeye?"

"Aende," akasema. "Na sukari nayo, nani ataizuia?"

Lakini nilikasirika, na sikuficha.

Alhamisi ilikuwa siku ya joto lile linalofanya mabati yalie. Umeme ulikatika tangu asubuhi, hata kipaza sauti cha msikiti hakikufanya kazi. Wanawake wakaingia, wakavua viatu, wakaanza kulala.

"Hapana, hapana, tunasimama," akasema mtaalamu kwa upole.

"Tusimame?" akasema Eddo Fatumo. "Sisi tumesimama tangu saa tisa za usiku!"

"Leo tu, Eddo," akasema Lul. Hakumtazama usoni.

Tukasimama. Tukasimama kwa mguu mmoja, wanawake wazima, tumeshikana mabega tusianguke. Tukainama, tukanyooka, tukajikunja. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Saa nzima! Kisha yule mama, kwa sauti tamu kweli, nitamnyima mengine lakini si hiyo, akasema, "Sasa laleni. Acheni mwili ukae kadiri unavyotaka wenyewe."

Watu wangu, mwili wa muuza maziwa umeulizwa unataka kulala kiasi gani! Mimi nakumbuka viganja vyangu vikigeuka juu, basi. Yaliyofuata niliyapata baadaye kwa Lul. Alisema tulikoroma wote kwa mpigo mmoja. Mtaalamu akatutazama, machozi yakamlenga, akamnong'oneza kwamba miaka yote ya kazi hajaona utulivu kama ule. Akatoa cheti mkobani, akaandika jina, akatia sahihi na muhuri. Magari ya shirika yalikuwa yanatoka saa tisa kamili kwa msafara, na askari, maana barabara ya Dadaab ilikuwa na majambazi, hakuna kungoja mtu. Akaweka kidole mdomoni. "Usiwaamshe," akasema, akaondoka kwa ncha za vidole.

Niliamshwa na inzi. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kufika ukuta wa pili, na jua halifiki ukuta ule kabla ya saa kumi na moja. Kando yangu Eddo Fatumo akafumbua macho, akatabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Alasiri!" akapiga kelele. "Maziwa! Wanawake, maziwa!"

Mmeona kuku wakiingiliwa na mwewe? Viatu vilivaliwa vya watu wengine, buibui nje ndani. Na pembeni, kwenye kona, Lul alikuwa amekaa na karatasi mapajani, macho mekundu.

"Kwa nini hukutuamsha?" nikamwuliza.

"Alisema msiamshwe."

"Kopo lako liko wapi? Tasbihi iko wapi? Uliona jua likienda, Lul!"

"Niliona," akasema. "Nilisema nikigonga atasikia, atageuza gari, ataichukua karatasi." Na magari yalikuwa yameshaondoka, saa mbili nzima zimepita.

Kule stegi maziwa yaliyokaa juani yalikuwa yamekatika. Mengine madereva waliwapa wachuuzi wengine, hawawezi kungoja watu wasioonekana. Hoteli mbili alizokuwa akiziuzia Eddo Fatumo zikapata muuzaji mpya siku hiyo hiyo. Na kule porini kuna watu waliokamua wanyama wao wakayatuma kwa kuamini. Mimi nilikuwa nimeahidi gauni la bibi harusi alasiri. Mamake alinitukana mbele ya watu. Ningesema nini? Nilikuwa maiti?

Kesho yake chumba cha Lul hakikuingia mtu. Wala keshokutwa.

Abdinur, yeye, alitimiza neno lake. Akaja na nyundo na misumari mipya, akakipigilia cheti ukutani mwenyewe, akasoma kila neno kwa sauti. Alifurahi mtu yule! Alileta wageni wake wa biashara, wengine kutoka Eldas, akawasimamisha mlangoni: "Huyu shemeji yangu ni mwalimu, mnaona? Muhuri huo." Wageni wakatazama mikeka mitupu wakasema mashallah. Jumanne Abdinur akakuna ndevu. "Lul," akasema, "karatasi nimeiona. Watu siwaoni. Mwalimu wa nani wewe? Ijumaa naleta sukari."

Nilisikia yote ukutani. Siku tano sikuwa nimemsemesha Lul, na niliapa nitafika kumi. Lakini jioni ile nilimsikia ametandika mkeka, halafu nikasikia akigonga kopo, mara moja, peke yake, hakuna wa kufufuka. Ilinichoma. Nikagonga ukuta. "Lul! Kesho nenda sokoni ukawaambie. Nitakwenda na wewe, ingawa bado nimekasirika."

Jumatano, jua la saa saba likiwa utosini, wanawake wameketi nyuma ya mitungi yao, tukafika. Hakuna aliyesogea kutupa nafasi. Lul akasimama mbele ya Eddo Fatumo, mikono ndani ya mtandio wake.

"Sikusinzia, Eddo," akasema. "Mlidhani nilisinzia nanyi. Nilikuwa macho. Niliona alasiri inapita. Niliogopa kupoteza chumba, nikawaacha. Niliwabadilisha nyinyi kwa karatasi."

Mwanamke mmoja akatema mate kando. Eddo Fatumo akaendelea kufunga kizibo cha mtungi wake, akakikaza, akakikaza tena.

"Mimi nilipoamka siku ile," akasema mwishowe, "kabla sijakumbuka maziwa, unajua niliwaza nini? Nilidhani nimekufa kweli. Nikasema alhamdulillahi." Akamtazama Lul. "Tangu Alhamisi sijalala mchana hata mara moja. Kiuno hiki, wacha tu. Chumba kiko?"

"Kiko mpaka Ijumaa."

"Na ile karatasi inasema tusimame kwanza?"

"Inasema."

"Wewe je? Wewe unasema nini?"

"Mlale kwanza. Na kopo nitaligonga, wallahi, hata Sultani awe mlangoni."

Eddo Fatumo akaweka mkono gotini, akajiinua kwa shida, akapiga ile sauti yake ya lori: "Haya wanawake! Twendeni tukafe, magari yanaingia saa tisa!"

Astaghfirullah, watu walitugeukia soko zima. Wakainuka mmoja mmoja, wengine bado wamenuna, wakafunika maziwa yao, wakashika njia. Lul akabaki pale pale katikati ya mitungi, machozi yanamtiririka, hana habari kwamba wameshamtangulia. Nikampiga kofi la begani.

"Unangoja nini, mwalimu?" nikamwambia. "Ukichelewa, nani atawafufua?"